Kutua kwa Warushaji wa Nyumbani

Aghalabu watu wenye heshima zao, wamwonapo mtu mzima amekaa usiku mbele ya kompyuta, ameshika usukani wa plastiki, akirusha ndege isiyokuwapo kuelekea kiwanja ambacho hajapata kukikanyaga, humhesabu kuwa ni mtu aliyekosa shughuli. Na walio wapole zaidi humwita mtoto aliyechelewa kukua. Dhana hiyo yatokana na kutazama kwa mbali. Warushaji hao wa nyumbani, ambao jamii yao imekuwa ikikua tangu mwaka 1982, Microsoft ilipoitoa Flight Simulator yake ya kwanza kutokana na kazi ya Bruce Artwick, ni kaumu yenye ada zake, wazee wake na misemo yake, tena yenye kaida madhubuti za kuhukumu jambo moja ambalo kwao ndilo mizani ya mrushaji, nalo ni namna anavyoiteremsha ndege yake ardhini.

Desturi nyingine zipo. Wako wanaojenga chumba cha rubani kwa mbao uani, wako wanaopaka ndege rangi za mashirika yaliyokwisha kufilisika, na wako wanaoruka kwa kuongozwa na waongozaji wa kujitolea katika mtandao wa VATSIM, ulioanzishwa mwaka 2001. Hao wana wasemaji wao, nami sina la kuongeza.

Katika vikundi vilivyonilea, safari haikuisha magurudumu yalipogusa lami. Ndege ilipokwisha kuegeshwa na injini kuzimwa, marudio yalifunguliwa, wenzake mrushaji wakayatazama pamoja naye, kila mmoja nyumbani kwake na visikizi masikioni. Wala hayakuanzia penye mguso, bali mbali, maili kumi za bahari kutoka kiwanjani, kwa kuwa wazee walishikilia kwamba kutua kubaya huzaliwa huko, kukaja kuonekana tu mwishoni. Swali lao la kwanza lilikuwa, "Penye futi elfu moja ulikuwaje, kaka?" Swali hilo fupi lilitaka majibu mengi: je, magurudumu yalikuwa yameteremshwa na flapu zimefunguliwa kadiri inavyotakiwa, je, kasi ilikuwa ile iliyohesabiwa kwa uzito wa siku hiyo, je, injini zilikuwa na nguvu au zimeachwa zikilala, na je, mshuko ulilingana na mwendo, kwani anayefuata mteremko wa kawaida wa digrii 3 kwa maili za bahari 140 kwa saa huzidisha mwendo huo mara tano, akapata futi 700 kwa dakika. Ikiwa hata moja halikutimia, hukumu ilikuwa kwamba alipaswa kughairi, apae, azunguke, aje upya. Na aliyeghairi kwa hiari yake alipongezwa kuliko aliyelazimisha akatua salama. Adabu hiyo sijaiona katika mchezo mwingine wowote, kwamba mtu asifiwe kwa kuacha.

Baada ya hapo zilitazamwa taa nne zilizo kando ya njia ya kutulia, kama zilionekana mbili nyeupe na mbili nyekundu, kwani zikiwa nyeupe zote rubani yuko juu mno, na zikiwa nyekundu zote yuko chini mno. Ukatazamwa na upepo wa ubavuni, iwapo pua iliyokuwa imeelekezwa kwenye upepo ilirudishwa kwa pedeli ikanyooka na njia kabla ya mguso, na bawa la upande wa upepo likalazwa kidogo ili ndege isichukuliwe nje ya mstari wa katikati.

Kisha ikaja sehemu niipendayo kuliko zote, nayo ni kuinua pua. Katika ndege kama Boeing 737 iko sauti inayohesabu kimo kilichobaki, hamsini, arubaini, thelathini, ishirini, kumi, na mzee wetu mmoja alikuwa akitutaka tufumbe macho wakati wa marudio, tuisikilize hesabu hiyo peke yake. Ndege inayoshuka futi 700 kwa dakika hula futi kumi kwa muda usiotimia sekunde moja, hata mwenye masikio yaliyozoea hutambua kwa mwendo wa sauti kama aliyeshika usukani alichelewa au aliwahi. Penye thelathini pua huinuliwa taratibu, digrii mbili au tatu, si zaidi, macho yakihama kutoka kwenye alama za kulengwa kwenda mwisho wa njia, na nguvu za injini zikipunguzwa mpaka zikaisha. Ikiwa ishirini imekwisha kutajwa na kumi inakawia, ndege inaelea. Na "umeelea, ndugu yangu" lilikuwa neno la kumkosesha mtu usingizi.

Leo baraza hizo zimepungua, na mahali pake pamekaa tarakimu. Mara magurudumu yagusapo, programu ndogo huandika kwenye kioo kwamba ndege ilikuwa ikishuka futi kadha kwa dakika. Mwenye 60 hushangiliwa, mwenye 250 huona haya, na marudio hayafunguliwi tena. Hapo ndipo nisipokubaliana na vijana wetu. Mia mbili na hamsini si aibu hata kidogo: ndege kubwa za abiria hutengenezwa zistahimili mshuko wa futi 10 kwa sekunde, yaani 600 kwa dakika, zikiwa na uzito wa juu kabisa zilioruhusiwa kutua nao, na njia ikiwa imelowa, marubani wa kweli hufundishwa kuigusa kwa uthabiti, ili matairi yapasue utando wa maji na breki zishike. Aitafutaye 60 huiacha ndege ielee, akaila njia, akagusa kupita futi 3,000 za mwanzo ambazo ndizo mahali pa kugusia, na tarakimu ikamsifu. Ni kama kumsifu nahodha kwa kuwa jahazi lake liligusa gati polepole, ilhali ameliegesha kwenye gati isiyokuwa yake. Tena tarakimu yenyewe si shahidi mwadilifu, kwani programu mbili huweza kuipima kwa nukta mbili mbalimbali za wakati, zikatoa majibu mawili kwa mguso mmoja.

Hasara hiyo naiona zaidi Kai Tak. Kiwanja hicho cha Hong Kong kilifungwa Julai 1998, lakini kwa kaumu hii kingali hai, na ni ada kwa kila anayejiona ameiva kwenda kujijaribu huko. Anayekuja kwa njia ya 13 hukielekea kilima kilichopakwa miraba, na akikwisha kukiona hukunja kulia kwa mkono wake kiasi cha digrii 47, chini chini juu ya mapaa ya Kowloon, akanyookea njia wakati ardhi imekwisha kukaribia. Wazee walimhukumu mtu kwa kona hiyo: aliianza wapi, aliulaza ubawa kiasi gani, na je, alipita mstari akalazimika kuurudia? Sasa nawaona watu wanaotua pale bila ya kuambiwa neno lolote juu ya kona, wakapewa 180 yao, wakaondoka wameridhika.

Wakuu wa mashirika ya ndege ya kuigiza, ambao baadhi yao hukataa kuihesabu safari iliyotua kwa kishindo, wana uwezo wa kulirekebisha jambo hili wakitaka. Kando ya mshuko na waandike umbali wa mguso kutoka mwanzo wa njia, tofauti ya kasi na ile iliyokusudiwa, na mtengano na mstari wa katikati. Na aliyeghairi asikatwe alama hata moja. Watakaojibu kwamba hiyo ni kazi kubwa nawaomba wafungue kumbukumbu ya safari yao yoyote, waone kwamba mteremko wote umehifadhiwa humo.