Maandishi ya Kweli katika Somo la Kiingereza

Wanafunzi wengi wa kidato cha tatu na cha nne nchini mwetu hukutana na vitabu teule vya Kiingereza vya aina tatu: riwaya, tamthiliya na mashairi. Maandishi yasiyo ya kubuni, yaani tawasifu, hotuba, insha na taarifa za matukio, hubaki pembeni. Mara nyingi huonekana katika kifungu kifupi cha ufahamu tu, kisha daftari hufungwa. Tunaona kuwa pengo hili linafaa kuzibwa.

Kwa nini yanahitajika

Hatuidharau fasihi ya kubuni. Mwezi Julai 2024, hayati Papa Fransisko aliandika barua nzima kuhusu umuhimu wa fasihi katika malezi ya mtu. Riwaya *Passed Like a Shadow* ya Bernard Mapalala, inayosimulia familia iliyoangamizwa na UKIMWI, imewagusa vijana wengi. Hata hivyo, kijana wa Bukoba au Muleba ana swali la ziada: hapa kwetu ilikuwaje?

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Wapo waliouita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikiletwa kutoka Uganda. Wengine walidhani ni uchawi. Uvumi ulitangulia, ukweli ukachelewa, na makaburi yakaongezeka. Riwaya humfundisha msomaji kuhurumia. Maandishi ya kweli humfundisha pia kuhoji: nani anasema haya, ameyajuaje, na ameacha nini bila kukisema? Kwa kijana anayepokea habari za kila namna kwenye simu, ujuzi huo ni kinga.

Yasomwe yapi

Ipo insha ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967, *Education for Self-Reliance*, iliyokosoa elimu inayomtenga mwanafunzi na jamii yake. Wanafunzi waisome na kujadiliana: je, shamba la shule ni darasa au ni adhabu? Ipo tawasifu ya Wangari Maathai, *Unbowed*, inayoeleza jinsi wanawake wa Kenya walivyopanda miti na gharama aliyoilipa kwa kuitetea. Upo waraka *Laudato si'* wa mwaka 2015, unaofaa sana kwa watu waishio kando ya Ziwa Viktoria.

Ipo pia *Left to Tell* ya Immaculée Ilibagiza, Mkatoliki aliyenusurika mauaji ya kimbari ya Rwanda kwa kujificha siku 91 bafuni pamoja na wanawake wengine. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 waliingia Ngara, hapa hapa mkoani kwetu, kwa muda wa takriban siku moja. Wazee walioyaona hayo bado wapo.

Namna ya kuanza

Walimu husema muda ni mfupi na mtihani unasubiri. Ni kweli. Basi kurasa mbili kwa juma zatosha, nazo zitumike kwa mazoezi yale yale ya ufahamu na ufupisho. Nakala moja yaweza kusomwa kwa sauti darasa zima likisikiliza. Kisha wanafunzi wawahoji wazazi, kwa Kihaya au Kiswahili, kuhusu tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililoharibu vibaya majengo ya shule za Ihungo na Nyakato, na waandike kwa Kiingereza waliyoyasikia. Anayeandika jambo analolijua huhangaika na lugha tu, si na lugha na jambo kwa pamoja.

Tahadhari moja ni ya lazima. Darasani yumo aliyelelewa na bibi kwa sababu wazazi walifariki. Mtoto huyo asilazimishwe kusimulia msiba wa nyumbani kwao, wala asigeuzwe kuwa mfano. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwalimu asome kwanza peke yake, apime, ndipo achague.

Tunawaomba wakuu wa shule na wazazi waanze na kitabu kimoja muhula huu. Ukweli ukisomwa kwa heshima, mtoto hujifunza lugha, na pia hujifunza kwamba maisha ya watu wake yanastahili kuandikwa.