Muhula wa Kwanza wa Uchoraji

Kozi ya mwanzo ya uchoraji wa rangi katika vyuo vya sanaa huchukua muhula mmoja au miwili, na mara nyingi wiki zake za kwanza hupita bila mwanafunzi kugusa rangi. Hufanyika studio: chumba kikubwa chenye madirisha mapana, stendi za kuegemezea picha, sinki la kuoshea brashi na sakafu ambayo hakuna anayeihurumia. Kipindi kimoja huweza kwenda saa tatu mfululizo. Mhadhiri husema machache mwanzoni, kisha huzunguka kwa mwanafunzi mmoja mmoja, kwa kuwa kosa la mchoro halitibiki kwa maelezo ya ubaoni. Hutibiwa palepale, mbele ya picha yenyewe.

Kinachofundishwa kwanza ni kuona. Wanafunzi wengi hudhani mkono ndio unaowaangusha, ilhali mkono unaoweza kuandika barua una ustadi wa kutosha kwa mazoezi yote ya mwanzo. Kinachowaangusha ni yale wanayoyajua tayari. Mtu anajua kwamba mdomo wa kikombe ni duara, basi huchora duara, ingawa kwa aliyeketi mezani duara hilo limebanwa hadi likawa jembamba. Anajua miguu ya meza ina urefu sawa, basi huichora sawa, na meza inaonekana kama inataka kuanguka. Mazoezi ya penseli na makaa yamebuniwa ili kuuzunguka ujuzi huo. Mwanafunzi hunyoosha mkono, hufumba jicho moja, na kwa ncha ya penseli hupima kichwa cha mtu kinaingia mara ngapi katika urefu wake wote. Au huambiwa asikichore kiti kabisa, bali achore nafasi zilizo katikati ya miguu yake. Zoezi hili la pili lina nguvu ya ajabu, maana hakuna mtu aliyekariri umbo la nafasi tupu. Hana budi kuliangalia.

Baada ya umbo huja mwanga na giza, na hapa ndipo wahadhiri wazuri hukaa muda mrefu kuliko wanafunzi wanavyopenda. Mayai meupe huwekwa juu ya kitambaa cheupe, taa ikimulika upande mmoja, na mwanafunzi huyachora kwa rangi mbili tu, kahawia ya udongo na nyeupe. Hutakiwa akunje macho hadi vitu vidogo vipotee na yabaki mapande ya mwanga na ya kivuli. Wengi hushtuka kugundua kwamba yai jeupe lililo kivulini linaweza kuwa na giza kuliko kitu cheusi kilicho juani. Picha ambayo mwanga na giza lake vimepangwa sawasawa husomeka hata ikiwa rangi zake si za kweli. Ambayo mpango huo umevurugika haiokolewi na rangi yoyote, hata ya bei ghali.

Ndipo rangi huingia. Isaac Newton alizipanga rangi za mwanga katika duara kwenye kitabu chake cha macho na mwanga cha mwaka 1704, na tangu hapo duara hilo, kwa sura mbalimbali, limekuwa likitundikwa ukutani katika studio. Mwanafunzi hufundishwa rangi tatu za msingi, nyekundu, njano na bluu, na zile za upili zinazotokana nazo: kijani, zambarau na ya chungwa. Hadi hapo ni rahisi. Shida huanza anapochanganya njano na bluu akitarajia kijani cha jani changa, akapata kijani cha bwawa. Rangi ya kuchorea hunyonya sehemu ya mwanga na kuirudisha iliyobaki. Zinapochanganywa mbili, kila moja hunyonya sehemu yake, na mchanganyiko hufifia. Bluu yenye wekundu ndani yake, ikikutana na njano yenye wekundu, huwa imeleta rangi zote tatu za msingi, na matokeo yake ni utope. Ndiyo maana orodha za vifaa huomba aina mbili za kila rangi ya msingi, moja inayoelekea upande wa joto na nyingine upande wa baridi. Studio nyingi hupiga marufuku nyeusi ya kununua katika muhula wa kwanza. Atakaye giza huchanganya bluu nzito na kahawia iliyochomwa, na hupata giza lenye uhai kuliko lile la kwenye tyubu.

Somo gumu zaidi la rangi halihusu kuchanganya. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, alipokea malalamiko kwamba uzi mweusi umepauka. Alipouchunguza, uzi haukuwa na kasoro. Weusi ulionekana hafifu kwa sababu ya rangi zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu jambo hilo: kila rangi huibadilisha jirani yake machoni mwa mtazamaji. Kijivu kikizungukwa na nyekundu huelekea ukijani; kikizungukwa na kijani huelekea wekundu. Josef Albers, Mjerumani aliyefundisha Bauhaus hadi shule hiyo ilipofungwa mwaka 1933, kisha akahamia Marekani, aliifanya kanuni hiyo kuwa kiini cha ufundishaji wake katika chuo cha Black Mountain na baadaye Yale. Wanafunzi wake hawakuchanganya rangi. Walikata vipande vya karatasi za rangi na kutafuta namna ya kuifanya rangi moja ionekane kuwa mbili. Kitabu chake cha mwaka 1963 kilieneza mazoezi hayo, na bado hufanywa katika studio za vyuo vingi. Kwa mwanafunzi, maana yake ni kwamba hakuna rangi inayoweza kuhukumiwa ikiwa peke yake kwenye paleti. Husubiri majirani zake.

Kuhusu vifaa, chuo huchagua kati ya mafuta na akriliki. Rangi za mafuta hufungwa kwa mafuta ya kitani, ambayo hayakauki kwa kutoa maji bali kwa kuvuta oksijeni ya hewani, kazi inayochukua siku kadhaa. Mchoraji hupata muda wa kufuta na kulainisha, lakini lazima afuate kanuni: tabaka za chini ziwe na mafuta machache, za juu ziwe na mengi, la sivyo picha hupasuka baada ya miaka. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yakirundikwa pembeni hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto bila kiberiti, kwa hiyo hutiwa katika pipa la chuma lenye mfuniko. Akriliki, iliyoenea tangu miaka ya 1950, huoshwa kwa maji na hukauka kwa dakika. Katika joto la Mombasa au Dar es Salaam hukauka hata kabla ya kufika kwenye picha, na anayeitumia huweka chupa ya kunyunyizia maji karibu na paleti. Bei nayo si jambo dogo, kwani rangi za wasanii katika Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa huagizwa kutoka nje. Kitambaa kizito cha pamba kama amerikani, kikivutwa vizuri kwenye fremu ya mbao na kupakwa rangi nyeupe ya maji ya kuta tabaka mbili, kinatosha kabisa kwa mazoezi.

Je, mafunzo haya yanamjenga mchoraji, au yanamfanya afanane na wengine wote? Swali hilo lina historia Kampala. Margaret Trowell, Mwingereza aliyesoma shule ya Slade mjini London, alianza kufundisha uchoraji huko mwishoni mwa miaka ya 1930, na idara aliyoianzisha Makerere leo inabeba jina lake. Hakutaka kuwapa wanafunzi wake kanuni za Ulaya. Aliwasimulia kisa au tukio, nao wakachora walichokiona ndani ya fikra zao. Cecil Todd, aliyemrithi mwishoni mwa miaka ya 1950, aligeuza usukani: alifundisha nadharia ya rangi, historia ya sanaa ya dunia na uchoraji wa vitu halisi. Wapo wanaomwona Trowell kama mlinzi wa Uafrika na wapo wanaosema aliwanyima wanafunzi zana. Jibu linapatikana kwa Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro. Alisoma kwa Trowell, akaenda Slade, akarudi na bado akachora watu wa kijijini kwa maumbo rahisi aliyoyapenda tangu mwanzo. Kanuni za London hazikumfuta. Mwenzake wa Makerere, Elimo Njau wa Marangu, alichora kuta za kanisa la Murang'a mwaka 1959 akimweka Yesu katika mandhari ya Kenya, na mwaka 1965 alifungua nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa jijini Nairobi.

Nje ya vyuo ipo njia nyingine. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya kung'aa juu ya mbao za dari, na wanafunzi wake walijifunza kwa kukaa karibu naye na kurudia mikono yake. Njia hiyo hutoa fundi haraka na humpa kipato mapema. Chuo huchelewa zaidi, lakini humwachia mwanafunzi uwezo wa kuchora kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwonyesha namna ya kukichora.

Mwisho wa kila zoezi kazi zote hutundikwa ukutani na darasa zima huzijadili. Kikao hiki huogopwa kuliko mtihani. Sheria yake ni moja: msemaji aseme anachokiona, si anachokipenda, na aonyeshe kwa kidole mahali pake. Anayejitetea kabla ya wengine kumaliza hapati faida. Alama pia hazitolewi kwa picha ya mwisho pekee; daftari la michoro, majaribio yaliyoharibika na maendeleo kati ya zoezi la kwanza na la mwisho huhesabiwa.

Anayefikiria kuomba nafasi hahitaji kusubiri barua ya kupokelewa ndipo aanze kuchora. Vyuo vingi huomba kuona kazi za mwombaji, na michoro ya penseli ya sufuria, viatu na watu wa nyumbani, iliyochorwa kwa kuangalia vitu vyenyewe, humsaidia kuliko nakala safi za picha za mtandaoni.