Faini ya 500, Kesi ya 4,000

Ukikamatwa Kenya kwa kulewa na kuzua fujo barabarani, kifungu cha 33 cha Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 kinamruhusu hakimu kukutoza faini isiyozidi shilingi 500, kukufunga kwa muda usiozidi miezi mitatu, au vyote viwili. Ila aliyetoka kituoni na tarehe ya korti mfukoni asiipigie hesabu hiyo miatano peke yake. Kesi ndogo hula pesa kwingine: kwenye siku za kazi zinazopotea, na kwenye tarehe moja ambayo mshtakiwa hakufika.

Tuanze na pesa iliyobaki kituoni. Bondi ya polisi ni ahadi ya maandishi kwamba utafika kortini siku fulani. Haina ada, na anayekudai "kitu kidogo cha bondi" anadai hongo. Dhamana ya pesa taslimu ni jambo jingine: ni amana. Ukiweka 5,000, pesa hiyo ni yako, sharti ufike kortini kila unapoitwa. Kwa hiyo unapaswa kupewa risiti rasmi yenye jina la aliyetoa pesa na kiasi chake. Kama ulitoka bila risiti, rudi siku hiyohiyo na nambari ya OB, kitabu cha matukio cha kituo, umwone OCS, yaani mkuu wa kituo. Ukingoja wiki mbili utakuwa unabishana na afande huna hata karatasi.

Pesa yenyewe pengine hukupaswa kuitoa. Kifungu cha 49(2) cha Katiba ya 2010 kinasema mtu hatawekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita. Kosa la ulevi lenye kifungo cha miezi mitatu linaingia hapo bila shaka yoyote. Nayo Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, kifungu cha 123, inataka kiasi cha dhamana kisiwe cha kupita kiasi. Kuitisha dhamana ya 5,000 kwa kosa ambalo faini yake haivuki 500 ni mara kumi ya adhabu, na mshtakiwa ana haki ya kumtajia hakimu tarakimu hizo mbili, moja baada ya nyingine, na kuomba aachiliwe kwa bondi yake mwenyewe.

Kwa nini basi watu hulipa haraka? Kwa sababu ya seli. Kila mtu anazijua saa 24 za Katiba, lakini wachache wamekisoma kifungu cha 49(1)(f) hadi mwisho. Saa hizo zikiisha nje ya saa za korti, au siku ambayo si ya korti, muda unasogezwa hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Mtu akikamatwa Alhamisi saa moja jioni, saa 24 zake zinaisha Ijumaa saa moja jioni, korti imeshafungwa. Ukisoma maneno hayo peke yake, anaweza kukaa hadi Jumatatu saa kumi na moja jioni: saa 94. Hata hivyo kifungu hichohicho kinaanza kwa kutaka mtu afikishwe kortini mapema iwezekanavyo, na Ijumaa asubuhi korti iko wazi. Jamaa wa aliyekamatwa wanapaswa kuwa kituoni alfajiri hiyo, wakiuliza kwa adabu gari la korti linaondoka saa ngapi.

Sasa hesabu ya kesi yenyewe. Tuchukulie mchuuzi anayebaki na faida ya shilingi 800 kwa siku, na nauli yake ya kwenda na kurudi kortini ni 200. Kila tarehe inamgharimu 1,000. Akikana mashtaka, akaitwa mara nne kati ya kusomewa, kutajwa na kusikizwa, ametumia 4,000, na bado hajamlipa wakili. Ndiyo maana wengi hukiri kosa wasilolitenda: 500 ni nafuu kuliko 4,000. Mimi naiona hesabu hiyo kuwa pungufu. Hukumu ya hatia hubaki kwenye rekodi, na mwajiri akidai cheti cha maadili mema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kinachoombwa kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, ndipo bei halisi ya kukiri inapoonekana. Aliyetenda kosa akiri, aombe huruma, amalize. Asiyelitenda asiuze jina lake kwa tofauti ya 3,500.

Siku ya korti fika mapema, na usishangae jina lako likikosekana kwenye orodha. Mara nyingine hati ya mashtaka haijasajiliwa. Usiondoke tu. Uliza masjala ya jinai, kisha ofisi ya mwendesha mashtaka, uandike jina la uliyemwona na saa, halafu umjulishe afisa wa uchunguzi wa kesi yako. Maandishi hayo ndiyo kinga yako hakimu akija kuuliza ulikuwa wapi.

Kukosa kufika ndiko kunakomaliza watu. Hakimu anaweza kutoa hati ya kukukamata na kuamuru dhamana yako ichukuliwe na serikali. Zile 5,000 zimekwenda, mdhamini kama yupo anadaiwa, na ukikamatwa tena hoja yako ya kuachiliwa bila pesa imepoteza nguvu. Ukiugua, tuma mtu na barua ya hospitali asubuhi hiyohiyo, kabla faili haijaitwa.

Madereva wana njia fupi kidogo. Kanuni za Makosa Madogo ya Trafiki za 2016 zimeweka viwango: kutofunga mkanda 500, kutumia simu ukiendesha 2,000, kuzidisha mwendo kwa kilomita 16 hadi 20 kwa saa 10,000. Anayekubali kosa hulipa bila kusimama kizimbani. Anayelipinga huenda kortini.

Kesi ikiisha, dai amana yako kwa risiti na kitambulisho cha aliyeiweka. Hairudi isipodaiwa.