Kosa la Lahaja na Kosa la Kusoma: Upimaji wa Darasani kwa Vyombo vya Kidijitali katika Masisi na Walikale

Tangu Michael Scriven alipoitofautisha mwaka 1967, dhana ya tathmini katika elimu imezoeleka kugawanywa mafungu mawili. Kuna upimaji wa kuhitimisha, ambao humpa mwanafunzi daraja baada ya masomo kwisha, na kuna upimaji wa kuendeleza, ambao hufanywa somo likingali linafundishwa, ili mwalimu ajue arudie nini na mwanafunzi ajue arekebishe nini. Fungu hili la pili halina budi kutenganishwa na upimaji endelevu uliozoeleka Tanzania baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, maana huo hukusanya alama za darasani na kuziingiza katika hesabu ya mwisho. Alama iliyokwisha kuingizwa katika hesabu haimwambii mtoto jambo lolote jipya. Upimaji wa kuendeleza hutegemea mrejesho, yaani lile neno analolirudisha mwalimu kwa mwanafunzi juu ya kazi aliyoifanya. Usipokuwapo mrejesho, upimaji huo haupo.

Katika Afrika Mashariki, mfano unaofahamika zaidi wa kutumia vyombo vya kidijitali kwa kazi hii ni wa Kenya. Mpango wa Tusome, ulioanza kutekelezwa nchi nzima mwaka 2015, uliwapa maofisa wa kusaidia mitaala vishikwambi vyenye programu ya Tangerine, iliyotengenezwa na shirika la RTI International. Ofisa huingia darasani, hutazama somo, kisha huwaita watoto wachache wasome kifungu kifupi cha Kiswahili au Kiingereza. Mtoto asomapo, ofisa huligusa kwenye kioo kila neno lililokosewa. Dakika ikiisha, programu hutoa idadi ya maneno yaliyosomwa sawasawa, na ofisa huzungumza na mwalimu papo hapo. Programu haihitaji mtandao wakati wa kupima. Matokeo hutumwa baadaye.

Ni vyema kukumbuka pia kwamba mpango uliotangulia Tusome, uitwao PRIMR, ulifanya jaribio huko Kisumu la kulinganisha njia tatu: kuwapa vishikwambi wakufunzi, kuwapa walimu, au kuwapa wanafunzi vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki. Hakuna njia hata moja kati ya hizo iliyoyazidi kwa tofauti ya maana matokeo ya mpango wenyewe ulipoendeshwa bila vyombo hivyo. Chombo, basi, hakifundishi. Hukipa kasi kile ambacho mwalimu amekwisha kuamua kukitafuta, na akitafutacho kikiwa na kasoro, kasoro hiyo nayo hupewa kasi.

Hapo ndipo lilipo tatizo la Kingi na vijiji vingine vya Masisi na Walikale, katika Kivu ya Kaskazini. Mtoto wa huko huzaliwa katika Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga, Kitembo au Kikumu. Kiswahili hukipata sokoni, kanisani na njiani, nacho ni Kiswahili cha Kongo. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa zitumike kufundishia, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa na Katiba ya mwaka 2006. Lakini Kiswahili kinachochapwa katika vitabu vya kusomea hukaribia kile cha sanifu, ambacho mtoto huyo hajakisikia kwa mtu yeyote wa nyumbani kwao. Orodha ya kimataifa ya lugha, ISO 639-3, inatambua tofauti hiyo na kuvipa Kiswahili cha pwani na Kiswahili cha Kongo alama mbili, swh na swc. Programu yenye kitufe kimoja tu kilichoandikwa "Kiswahili" haiulizi ni kipi.

Na ichukuliwe sentensi moja ya kitabuni: Watoto waliweka vitu nyumbani. Mtoto wa kwanza anaitazama, kisha anasema bila kusita: "Batoto baliweka bitu mu nyumba." Mtoto wa pili anasoma silabi moja moja, wa-to-to wa-li-we-ka vi-tu nyu-mba-ni, bila kukosea hata moja, akiulizwa ni nini kilichowekwa, na wapi, ananyamaza. Mpimaji anayefuata maandishi neno kwa neno atampa wa kwanza sifuri juu ya nne, na wa pili nne juu ya nne. Hata hivyo, wa kwanza ndiye aliyesoma. Ameyafahamu maandishi, ameyapitisha akilini, na kuyatoa katika lugha anayoizungumza. Hakuna aliyemwambia kuwa nyumbani maana yake ni mu nyumba. Amelijua hilo mwenyewe, na kulijua ni ufahamu wenyewe unaotafutwa na kipimo. Kwa hakika, kosa lake ni ushahidi bora kuliko usahihi wa mwenzake.

Itasemwa kwamba miongozo ya upimaji wa kusoma wa aina hii humkataza mpimaji kuhesabu kuwa kosa tofauti ya matamshi itokanayo na lahaja. Ni kweli, na agizo hilo ni la busara. Lakini batoto si matamshi tofauti ya watoto. Ni kiambishi kingine cha ngeli, ambacho Kihunde na Kinyanga pia huwa nacho. Mu nyumba nayo ni muundo mwingine kabisa, maana mahali huoneshwa na neno linalotangulia badala ya kiambishi tamati -ni. Mpimaji aliyefunzwa juu ya matamshi peke yake hana pa kuliweka jambo hilo, na programu ya kutambua sauti iliyofunzwa kwa sauti za Dar es Salaam na Nairobi haitakuwa na ujuzi zaidi yake.

Tiba yenyewe si ngumu. Badala ya kuwa na mahali pamoja pa kugusia kosa, fomu iwe na matatu: silabi iliyosomwa vibaya, umbo la lahaja, na maana iliyopotea. Fomu ya namna hiyo yaweza kutengenezwa kwa KoBoToolbox, chombo ambacho mashirika ya misaada hukitumia sana na ambacho hujazwa bila mtandao. Mwalimu mwenye simu ya kawaida ya kioo aweza kuifungua, au akarekodi tu sauti ya mtoto kwa dakika moja na kuisikiliza jioni. Mrejesho utatofautiana kwa kila fungu. Wa silabi atarudishwa kwenye silabi. Aliyepoteza maana atasomewa sentensi na kuulizwa maswali. Wa lahaja ataandikiwa ubaoni maumbo mawili sambamba, mu nyumba na nyumbani, aelezwe kuwa la kwanza ni la kusema na la pili ni la kitabuni, na kwamba hakukosea kufahamu. Mtoto anayeambiwa "umekosa" mara nne katika sentensi aliyoielewa hujifunza jambo moja tu: kunyamaza.

Idadi ya wanafunzi nayo ina sauti yake. Baada ya elimu ya msingi ya shule za serikali kutangazwa kuwa bure Septemba 2019, madarasa yalifurika. Hakuna awezaye kupima watoto wote kwa siku moja. Watano kwa siku watosha, ikiwa majina yanazungushwa. Umeme wa gridi haujafika vijiji vingi, na simu huchajiwa kwa paneli ya jua au kwa malipo kibandani. (Koltani ya Rubaya, huko huko Masisi, huingia katika simu za dunia nzima, madarasa yaliyo karibu na machimbo hayo ndiyo yasiyo na simu.)

Lipo jambo lingine ambalo miongozo ya Kenya haikuhitaji kulitilia uzito mkubwa. Kundi la M23 liliiteka Goma Januari 2025, na Machi mwaka huo likaingia Walikale mjini, kisha likaondoka Aprili. Familia zimehama na kurudi na kuhama tena. Katika mahali ambapo jina la ukoo laweza kumtambulisha mtu kabila lake, orodha ya majina ya watoto, lugha zao za nyumbani na vijiji vyao haipaswi kukaa ndani ya simu inayoweza kunyang'anywa kizuizini. Kwa upimaji huu nambari ya mtoto yatosha. Jina libaki katika daftari la mwalimu, na sauti iliyorekodiwa ifutwe mara mrejesho ukisha kutolewa.