RADI, JOGOO NA NGUO NYEKUNDU
Tuliyofunzwa utotoni juu ya radi, na yale yatupasayo kuwafunza watoto wetu

Kila mtu aliyelelewa katika nchi hizi za Maziwa Makuu ana akiba yake ya makatazo aliyopewa utotoni. Usipige mluzi usiku, utaita nyoka. Usiiruke miguu ya mwenzio, hatarefuka tena. Usifagie nyumba jua likishatua, utafagia riziki. Mengi ya makatazo hayo hayana madhara, na mengine yana adabu iliyofichwa ndani yake, kwa kuwa wazee walijua kwamba mtoto hulishika neno la kutisha upesi kuliko neno la hoja. Mtu mzima huyakumbuka, akatabasamu, akaendelea na kazi zake.

Lakini liko jambo moja ambalo mafunzo yake ya utotoni hayaishii katika kutabasamu. Nalo ni radi. Wingu jeusi linapokusanyika, mama huwaambia watoto wavue nguo nyekundu, kwani radi hupenda rangi hiyo. Kioo hufunikwa kwa kanga au kugeuzwa uso ukutani. Na pigo likimwangukia mtu, kijiji kizima huuliza swali moja tu: ni nani aliyeituma?

Swali hilo limevunja ujamaa wa watu waliokaa pamoja miaka mingi, na aghalabu huulizwa wakati ambapo aliyepigwa angaliweza kuokolewa. Kwa hiyo yafaa tuyapime mafunzo haya moja moja, bila ya kuwadharau waliotupa.

Jogoo wa mbinguni

Wazee wetu hawakuwa wajinga. Waliiona nguvu kubwa ikishuka kutoka juu, ikapasua mti, ikaua ng'ombe, ikatoweka bila ya kuacha silaha. Wakaipa jina na sura. Baganda walimjua Kiwanuka, mungu wa radi, na jina lake lingali likiitwa watu hadi leo. Wanyarwanda wa zamani walimtaja Nkuba kuwa mfalme wa juu. Baadhi ya Waluhya wa magharibi mwa Kenya husimulia kwamba Mungu aliumba jogoo mkubwa mwekundu akamweka mawinguni: anapokung'uta mbawa zake umeme humulika, na anapowika ngurumo hutanda. Kusini kabisa, miongoni mwa Wazulu na Waxhosa, radi husemwa kuwa ni ndege.

Wala mtu asidhani kwamba Waafrika peke yao ndio walioikabili radi kwa imani. Katika Ulaya, kwa karne nyingi, kengele za makanisa zilipigwa wakati wa dhoruba ili kuifukuza radi. Mnara wa kanisa ndio jengo refu kuliko yote kijijini, na mpiga kengele alisimama chini yake akiwa ameshika kamba iliyolowa. Hesabu iliyofanywa Ufaransa katika karne ya 18 ilionyesha kwamba katika muda wa miaka 33 minara 386 ilipigwa na wapiga kengele 103 waliuawa. Imani iliyokusudiwa kuokoa ndiyo iliyoua. Hapo ndipo penye somo letu.

Radi ni nini?

Kiswahili chenyewe kimetenga maneno matatu kwa busara: umeme ni ule mwanga, ngurumo ni ile sauti, na radi ni pigo lenyewe. Yote matatu ni jambo moja.

Hewa yenye joto na unyevu hupanda juu sana, mahali penye baridi kali, na maji yaliyomo hugeuka kuwa chembe za barafu na mvua ya mawe. Chembe hizo hugongana maelfu kwa maelfu, na kwa kugongana huko chaji ya umeme hujitenga: aina moja hukaa juu ya wingu, ya pili hukaa chini. Tofauti ikizidi kiasi, umeme huruka ndani ya wingu au hushuka ardhini. Njia yake hupata joto la nyuzi zipatazo 30,000 za Selsiasi, karibu mara tano ya joto la uso wa jua. Hewa hupanuka kwa ghafula na kupasuka, na mpasuko huo ndio ngurumo.

Mwaka 1752 majaribio yaliyofanywa Ufaransa kwa kufuata maelezo ya Benjamin Franklin wa Marekani yalithibitisha kwamba radi ni umeme. Kutoka hapo kilipatikana kizuia-radi: fimbo ya chuma iliyosimamishwa juu ya jengo na kuunganishwa kwa waya mnene hadi ardhini, ili pigo lipate njia ya kupita bila ya kuwadhuru waliomo.

Sisi tunakaa katika mojawapo ya sehemu za dunia zenye radi nyingi mno. Uchunguzi wa setilaiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba Ziwa Maracaibo la Venezuela ndilo la kwanza ulimwenguni kwa wingi wa umeme wa mawingu, na mahali pa pili ni Kabare, mashariki mwa Kongo. Ziwa Viktoria nalo hushika dhoruba usiku, kwa kuwa upepo wa baridi kutoka nchi kavu za pande zote hukutana juu ya maji yenye joto na kuisukuma hewa juu. Kwa hiyo mvuvi anayepigwa ziwani usiku hakutumiwa na mtu. Amekikuta kitu kinachokaa pale tangu kale.

Mbona alipigwa yeye, nikaachwa mimi?

Hapa ndipo imani ya kutumwa hupata nguvu. Mwezi wa Oktoba 1998, katika mkoa wa Kasai nchini Kongo, iliripotiwa kwamba radi ilipiga katika mchezo wa mpira wa miguu, ikawaua wachezaji wote 11 wa timu moja, hali wale wa timu ya pili hawakudhurika. Watu wengi waliona kuwa huo ni uchawi mtupu.

Ila radi haimpigi mtu kwa kumshukia utosini tu. Mara nyingi huupiga mti au ardhi, kisha umeme husambaa udongoni. Mtu aliyesimama miguu ikiwa mbalimbali hupitiwa na umeme huo, ukipanda mguu mmoja na kushukia wa pili. Ng'ombe, ambaye miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana, na moyo wake uko katikati, huangamia zaidi. Ndiyo sababu ya kundi zima kukutwa limekufa chini ya mti mmoja. Na umeme hausambai sawasawa. Udongo mmoja huupitisha, mwingine huuzuia; hatua chache tu hutenga uhai na mauti.

Alama zinazokutwa mwilini nazo zina maelezo yake. Mara nyingine ngozi ya aliyepigwa huonyesha michoro myekundu kama matawi ya mmea. Watu husema ni chapa ya mchawi. Ni njia ya umeme juu ya ngozi, na kwa aliyenusurika hufifia baada ya saa au siku chache. Nguo zilizochanika hazikuchanwa na jini: jasho au maji ya mvua mwilini hugeuka mvuke kwa mara moja na kuzipasua.

Na nguo nyekundu? Radi haina macho ya kuchagua rangi. Kioo pia hakiivuti. Hata simu ya mkononi iliyo mfukoni haiiti radi, ingawa ile iliyochomekwa katika umeme wa ukutani ni ya hatari. Kinachovuta radi ni urefu, upweke na ncha: mti ulio peke yake, kilele cha mlima, mlingoti, na mtu aliyesimama katikati ya uwanja.

Gharama ya kutokujua

Tarehe 28 Juni 2011 radi iliipiga shule ya msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo, kaskazini ya Kampala. Wanafunzi 18 na mwalimu wao walikufa darasani, na wengine wengi walijeruhiwa. Watoto wale hawakuwa mbugani wala chini ya mti. Walikuwa mahali ambapo kila mzazi hudhani pana usalama. Jengo halikuwa na kizuia-radi. Baadaye shule hiyo iliwekewa. Mwezi wa Novemba 2024, katika kambi ya wakimbizi ya Palabek wilayani Lamwo, polisi walieleza kwamba watu 14 waliuawa na 34 kujeruhiwa na radi walipokuwa wamekusanyika kwa ibada.

Tuseme kweli: ikiwa msiba wa namna hii utajibiwa kwa kumtafuta ajuza wa kumlaumu, shule inayofuata itabaki bila ya waya. Mchawi akifukuzwa kijijini, mabati yangali palepale, na mawingu yatarudi msimu ujao. Askari polisi wanaijua vyema sehemu ya pili ya gharama hii: nyumba iliyochomwa, mzee aliyepigwa na kundi, watoto waliobaki bila mlezi. Afisa anayefika mahali pa tukio akiweza kueleza kwa utulivu jinsi radi ipigavyo, huenda akaokoa maisha ya pili siku iyo hiyo.

Tuwafunze nini watoto?

Kwanza, wajue kuisikiliza ngurumo. Mtu akiisikia, basi yuko tayari mahali ambapo radi inaweza kumfikia. Toka uone mwanga mpaka usikie sauti, hesabu sekunde. Kila tatu ni kilomita moja. Na baada ya ngurumo ya mwisho wangoje dakika 30 kabla ya kutoka.

Pili, wakimbilie mahali palipo bora. Jengo kubwa lenye nyaya na mabomba yaliyofika ardhini ni bora; gari lenye paa la chuma na madirisha yaliyofungwa ni bora vilevile, lakini si nyuma ya lori lililo wazi. Nyumba ya nyasi haikingi radi, na banda la mabati lisilo na waya wa kuupeleka umeme ardhini halitoshi. Ndani ya nyumba, wakae mbali na ukuta, mlango, mabomba na vyombo vilivyochomekwa katika umeme. Mama aache kufua na kuoga mpaka dhoruba ipite.

Tatu, ikiwa watakutwa nje, waondoke majini, kilimani, kwenye ua wa seng'enge na chini ya mti ulio peke yake. Wasikumbatiane kwa hofu. Watawanyike, ili mmoja akipigwa wengine wabaki wa kumsaidia. Askari walio doria wafuate kanuni iyo hiyo. Bunduki haiiti radi kutoka mbali, lakini mtutu au mlingoti wa redio uliosimama juu ya kichwa humwongezea mtu urefu usiohitajika.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote: aliyepigwa na radi ashikwe mara moja. Katika vijiji vingi watu huogopa kumgusa, wakamngoja mganga aje kuutoa moto wa radi. Hakuna moto wowote uliobaki. Mwili wa aliyepigwa hauna umeme, na kumgusa hakudhuru hata kidogo. Wengi hufa kwa sababu moyo na pumzi vimesimama, na wengi wao wangaliweza kurudishwa. Alazwe chali mahali pagumu. Mwokozi aweke viganja viwili katikati ya kifua, akibonyeze kwa nguvu kiasi cha sentimeta tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila ya kukoma, na anayejua kumpulizia pumzi ampulizie, mpaka apumue au wauguzi wafike. Waliopigwa wakiwa wengi, aanzwe yule anayeonekana amekufa. Anayelia na kupiga kelele ana pumzi yake tayari.

Hadithi ya jogoo mwekundu ni nzuri, na mtoto hana hasara ya kuisikia jioni karibu na meko. Asimuliwe, acheke, ajue babu zake walivyoutazama ulimwengu. Kisha, kabla hajalala, aambiwe na lile la pili: ngurumo ikilia, ingia ndani; na mwenzio akianguka, usimkimbie. Wazazi wenye watoto shuleni nao wamwulize mwalimu mkuu katika mkutano ujao swali moja fupi: je, madarasa yetu yana vizuia-radi? Swali hilo lina faida kuliko lile la nani aliyeituma.