Swichi ya Siri ya Pampu ya Mafuta: Waya wa Kukata na Waya wa Kuacha

Pampu ya mafuta kwenye gari la petroli lenye mfumo wa EFI hukaa ndani ya tangi na huendeshwa na umeme wa volti 12. Umeme huo ukikatwa, petroli haifiki kwenye nozeli na injini haiwaki. Swichi ya siri haifanyi zaidi ya hapo. Mwizi hupiga stata na injini huzunguka vizuri. Pengine hushika kwa sekunde chache, kwa presha iliyobaki kwenye mrija wa mafuta, kisha huzima. Akijaribu tena, hali ni ileile. Kwake hilo ni gari bovu, na mwizi hana muda wa kutengeneza gari bovu.

Faida ya kinga hii ni kwamba haitegemei msimbo wala mawimbi ya redio, kwa hiyo kifaa cha kunakili funguo hakiwezi kuidanganya. Uingereza ililazimisha magari mapya kuwa na immobilaiza, yaani kifaa cha kiwandani kinachozuia injini kuwaka bila ufunguo wake, tangu Oktoba 1998, lakini magari mengi madogo yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambayo ndiyo yamejaa barabara za Afrika Mashariki, yalitoka kiwandani bila kifaa hicho. Kwa magari hayo swichi ya siri ina maana kubwa. Kwa gari la kabureta haina maana sana, kwa kuwa bakuli la kabureta huhifadhi petroli ya kutosha kumfikisha mwizi mbali. Injini ya dizeli nayo hukatiwa mafuta kwa njia nyingine, na makala haya hayaihusu.

Swali la kwanza la fundi ni waya upi ukatwe, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Pampu ya kawaida hula ampea 5 hadi 8. Umeme huo haupiti kwenye swichi ya ufunguo, hupitia rilei. Rilei ya kawaida ina miguu iliyopewa namba. Mguu wa 30 hupokea umeme mkubwa kutoka kwenye fyuzi, na wa 87 huupeleka kwenye pampu. Miguu ya 85 na 86 ni ya koili, yaani sumaku ndogo inayovuta ulimi wa rilei na kuunganisha 30 na 87. Koili hula takriban ampea 0.15 tu. Kwa magari ya Toyota, rilei hii huandikwa C/OPN kwenye michoro ya umeme, na kompyuta ya injini, ambayo mafundi huiita kontroli boksi, ndiyo inayoiamuru.

Fundi mvivu hukata waya mkubwa wa pampu, akauvuta hadi chini ya dashibodi na kuupitisha kwenye swichi ya taa iliyonunuliwa kwa bei ya chini. Gari huwaka, mteja hulipa, na hatari huanza siku hiyo. Waya wa milimita za mraba 0.75 wenye urefu wa mita 4, ukibeba ampea 7, hupoteza karibu volti 0.7 njiani, pampu hudhoofika na injini hukosa nguvu mlimani. Kiungo kibaya ni kibaya zaidi. Kikiwa na ukinzani wa omu 0.5 tu, ampea 7 huzalisha hapo joto la wati 24 na ushee, ambalo ni kama pasi ndogo ya kulehemu iliyoachwa ikiwaka ndani ya zulia la gari. Magari mengi yanayosemwa kuwa "yamewaka yenyewe" yanastahili kukaguliwa nyaya zilizoongezwa kabla ya kulaumu kiwanda.

Njia salama ni kukata waya wa koili. Ampea 0.15 ikipita kwenye waya uleule wa mita 4 hupoteza volti isiyofika hata 0.02, na swichi ndogo ya ampea 3 huibeba bila kupata moto. Waya mkubwa wa pampu hubaki kama kiwanda kilivyouweka.

Koili ina pande mbili, na si sawa kukata upande wowote. Kwenye magari mengi upande mmoja hupata umeme chanya kutoka kwenye swichi ya ufunguo, na upande wa pili hupewa hasi na kontroli boksi. Mpangilio huo una sababu yake: injini ikiacha kuzunguka, kwa mfano baada ya ajali, kontroli boksi huiachia rilei na pampu husimama, ili petroli isiendelee kumwagika kwenye mrija uliopasuka. Waya ulioongezwa upande wa hasi ukichubuka na kugusa bodi ya gari, rilei hupata hasi bila ruhusa ya kontroli boksi, na pampu huendelea kusukuma maadamu ufunguo umefunguliwa. Hakuna fyuzi itakayokatika kumwonya mtu. Upande wa chanya ni bora, mradi fyuzi ndogo ya ampea 1 au 2 iwekwe mwanzoni kabisa mwa waya ulioongezwa. Waya ukipiga shoti, fyuzi hiyo hukatika na gari huzima. Ni usumbufu, lakini si moto.

Kazi haipaswi kufanywa kwenye tangi, hata kama nyaya za pampu zinaonekana kirahisi chini ya siti ya nyuma. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia chini, na hushika moto kwa cheche ndogo hata wakati wa baridi kali. Nyaya zenye viunganishi vya manjano ni za eabegi. Hazikatwi wala hazipimwi kwa taa ya majaribio. Kabla ya kugusa chochote, kichwa hasi cha betri hutolewa, na fundi husubiri angalau sekunde 90.

Kiungo chenyewe hakihitaji haraka. Ganda la waya huvuliwa kama sentimita 2 kila upande bila kukata nyuzi za shaba, na mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto huvishwa kabla ya kuunganisha. Nyuzi husokotwa, hulehemiwa mpaka risasi inywewe na shaba, kisha mrija huvutwa juu ya kiungo na kupashwa moto. Kiungo huvutwa kwa mkono; kikiteleza, kirudiwe. Tepu nyeusi peke yake haitoshi, kwani gundi yake huyeyuka kwenye gari linaloshinda juani. Waya ufungwe pamoja na nyaya za kiwanda, mbali na pedali, nguzo ya usukani na vyuma vyenye ncha.

Swichi ikae mahali ambapo dereva anaifikia akiwa ameketi, lakini goti, mtoto au mzigo hauigusi. Iwe ngumu kiasi kwamba mtikisiko wa barabara mbovu hauisogezi. Injini ikizima gari likiwa mwendoni, usukani wa pawa huwa mzito na breki hubaki na msaada wa kukanyaga mara chache tu. Kwa sababu hiyohiyo, kifaa cha kufuatilia gari kinachozima injini kwa simu hakifai kama kinaweza kufanya hivyo gari likiwa kwenye kasi; kinachofaa ni kile kinachosubiri gari lisimame, kisha kikazuia lisiwake tena.

Kazi ikiisha, multimita huwekwa kwenye nyaya za pampu injini ikiwa inawaka, na usomaji hulinganishwa na ule uliochukuliwa kabla ya kukata waya. Ukishuka, kuna kiungo kibovu. Kwenye baadhi ya magari, kupiga stata swichi ikiwa imefungwa huwasha taa ya injini na kuacha msimbo P0230. Mmiliki aelezwe mapema. Fundi wa gereji aambiwe pia kila gari linapopelekwa matengenezo, na mnunuzi aonyeshwe swichi siku ya kuuza, la sivyo pampu nzima itabadilishwa bure.