Kuwashwa Utosini: Si Kila Mara Huwa ni Mba

Wapo mama zetu na dada zetu wengi ambao huwashwa kichwani miaka nenda miaka rudi, wakajipaka mafuta ya nazi, wakabadili sabuni, na mwisho wakasema kuwa ni mba tu, au ni baridi ya nchi hizi. Mara nyingi husema kweli. Lakini pana kuwashwa kwa namna nyingine, nako hatuna budi kukuzungumza waziwazi, kwa sababu nywele ziendazo nako hazirudi.

Kila unywele huota katika kishimo kidogo ndani ya ngozi. Katika maradhi tunayoyakusudia, uvimbe hukizunguka kishimo hicho na kukila polepole, hata mahali pake pakazibwa na kovu. Usitazamie kovu kama la kuungua: ngozi hubaki laini, yenye kung'aa, na vitundu vya nywele havionekani tena. Aina iwapatayo zaidi wanawake wenye asili ya Kiafrika huanzia utosini na kutanuka kama duara. Kabla ya upara kudhihiri, nywele za hapo huweza kukatikakatika, na ngozi ikawasha, ikachoma, au ikauma inapoguswa. Wako wanaohisi kana kwamba sisimizi wanatambaa. Na wako wasiohisi lolote, ambao ndio huchelewa zaidi.

Mwaka 1968 madaktari wa Marekani waliyahusisha maradhi haya na chanuo la moto, wakidhani mafuta yaliyoyeyuka hupenya mpaka mizizini. Baadaye yalionekana hata kwa wasiolishika chanuo hilo maishani mwao. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba takriban robo ya wagonjwa waliowachunguza walikuwa na hitilafu katika jeni iitwayo PADI3, inayohusika na uundaji wa unywele. Kwa hiyo binti ambaye mama yake ana upara wa utosini asingoje. Misuko ya kubana na dawa za kunyoosha nywele ni afadhali ziepukwe, ingawa si haki kumlaumu kila mgonjwa kwa mtindo wake.

Ushungi hausababishi maradhi haya, huyasitiri tu. Mume haoni, jirani haoni, na mwenyewe utosi wake haumfikii machoni. Basi mwambie binti yako au dada yako akutazame, tena akupige picha kila baada ya miezi michache. Na kumwambia mwanamke aliyekosa usingizi kwa kujikuna kwamba "ni umri tu" ni kumdhulumu.

Kwa tabibu, omba daktari mwanamke ukipenda. Na akikosekana, haja ya tiba ina ruhusa yake katika dini. Huenda akakata kipande cha ngozi chenye upana wa milimita 4 hivi, baada ya ganzi, ukingoni ambapo nywele zingalipo, kwani katikati hubaki kovu tupu. Tiba huwa ni steroidi ya kupaka au ya kudungwa kichwani, pengine pamoja na vidonge vya doksisaiklini kwa miezi kadhaa. Makusudio ni kuuzima uvimbe na kuziokoa nywele zilizobaki. Kuwashwa kukirejea, mrudie daktari bila kungoja miadi, maana huenda uvimbe umeamka tena.

Siku ya kwenda, fumua misuko yote nyumbani, na usipake mafuta.